Shangazi Anaomba Maji

Shangazi alikuwa na adabu kupita kiasi, na adabu hiyo nusura imuue.

Usimfikirie mwanamke wa kitenge na kilemba. Shangazi alikuwa tangi. Tumbo lake la zege lilizikwa nusu ardhini nyuma ya soko la Nyamuhoza, mji wa chemchemi za chumvi kandokando ya mto Malagarasi, na ndani yake waliishi vijidudu wasiohesabika waliokula mabaki ya mji mzima na kutoa gesi. Gesi hiyo ilipika chai ya kila nyumba, ikawasha taa za zahanati, ikazungusha mashine za kusaga. Hilo peke yake si la kushangaza, maana miaka ile miji mingi ilikuwa na tangi lake. La kushangaza ni kwamba tangi la Nyamuhoza liliongea.

Vijidudu wanapokula hupitishiana umeme mdogo sana, na mafundi walikuwa wametumbukiza tangini nyaya nyembamba za kuusikiliza umeme huo na kuugeuza maneno. Chombo chenyewe kiliitwa Sikio. Lakini maneno hayamwagwi kichwani kama maji kwenye mtungi. Sikio lilibidi lifundishwe na mtu, siku baada ya siku, kama mtoto anavyofundishwa. Aliyelifundisha alikuwa Bi Nyandwi, mlezi wa kwanza wa tangi, mwanamke ambaye angejikwaa kwenye jiwe akaliomba radhi.

Basi Shangazi akakua na mdomo wa Bi Nyandwi. Alisalimia kwanza, akauliza habari za watoto, na mtu akimwaga ndoo ya maganda ya ndizi, kipaza sauti kilisema, "Ahsante, mwanangu. Imekolea. Mungu akuzidishie." Nani asingempenda? Watu walimpenda hadi wakamtendea walivyomtendea kila mgeni wa heshima. Huko Nyamuhoza, mgeni hawekewi chakula kilichotiwa chumvi jikoni tu. Mwenyeji humwongezea kidogo mbele ya macho yake, kwa mkono wake mwenyewe, aone kwamba hakunyimwa tunu ya mji. Kwa hiyo kila aliyeleta ndoo alikuja na fundo la chumvi kwenye pindo la khanga au mfukoni, akafinya kidogo, akamnyunyizia Shangazi kwa roho safi.

Hayo yaliendelea miaka mingi. Kisha moto wa Nyamuhoza ukaanza kuzimikazimika.

*

Butoyi, binti wa Bi Nyandwi na mlezi wa sasa, alifika tangini asubuhi akiwa hajanywa chai. Jiko lake lilikuwa limekohoa mara mbili na kufa.

"Shangazi, umeamkaje?"

"Salama tu, mwanangu. Wewe je? Na Gwasa? Mama hajambo?"

"Hawajambo wote. Chakula cha jana kilikuwaje?"

"Kitamu sana. Kimekolea."

"Huumwi popote?"

"Hata kidogo. Maji yapo huko kwenu?"

"Yapo, Shangazi. Mto umejaa."

"Tumshukuru Mungu," Shangazi akasema.

Butoyi aliinama kwenye bomba la kutokea majimaji, akarudisha pua haraka. Harufu ilikuwa ya uji uliochacha ukasahauliwa. Mlezi yeyote wa tangi anaijua harufu hiyo na haipendi. Ndani ya tangi kuna makundi yanayopokezana kazi: wa kwanza huvunja chakula, wa pili hukigeuza kuwa uchachu, na wa mwisho huuchukua uchachu huo wakautoa kama gesi. Hao wa mwisho ni wapole, huzaana polepole, na shida ikiingia ndio huanguka mapema. Wakianguka, wenzao hawana habari, wanaendelea kuzalisha uchachu tu, mpaka tangi zima linajiua kwa siki yake mwenyewe.

Kipimo cha chumvi kilikuwa kimeharibika siku nyingi. Hakuna aliyeomba kingine, maana mtu anayejua kusema anaumwa wapi utampimia nini? Butoyi akafanya kama bibi zake waliochemsha chumvi walivyofanya: akachuja majimaji ya tangi kwenye kitambaa, akayaweka kwenye sufuria juu ya makaa, akasubiri yakauke. Kilichobaki chini kilikuwa ukoko mweupe, mnene, unaong'aa. Aliutazama, akaelewa. Shangazi wake alikuwa anakaushwa akiwa hai, kama dagaa, huku anasema kimekolea.

*

"Usinitazame hivyo," alisema Gwasa, mumewe, akishuka kwenye lori. "Mke wangu akinitazama hivyo kabla ya saa nne, najua kuna nilichokosea."

Gwasa aliendesha gari la kiwanda cha dizeli ya mawese. Huko mafuta huchanganywa na spiriti na kostiki, magadi makali ya kutengenezea sabuni, dizeli ikaelea juu, na chini ikabaki gliserini, nzito, ya kahawia kama uji wa ulezi. Haina mnunuzi, ila kwa tangi ni karamu: kikombe kimoja cha gliserini hutoa gesi kuliko ndoo nzima ya maganda. Ubaya wake ni mmoja. Kostiki inayosalia humo huuawa kwa tindikali, na vikipigana hivyo viwili huzaa chumvi, ileile ya mezani.

"Mmeongeza chumvi kwenye gliserini?" Butoyi akauliza.

"Ni ileile ya miaka yote. Ni kweli tangu mavuno haya naleta nyingi kidogo, lakini wewe ndiye uliyekubali, na ulipiga hesabu mwenyewe. Nilikuwepo. Ulinifukuza kwa kuwa napumua kwa sauti."

Ilikuwa kweli, na hesabu ile ilikuwa sawa. Wakiwa wamesimama pale, mzee mmoja muuza bamia alipita na ndoo yake, akamwaga, akatoa fundo mfukoni, akafinya, akanyunyiza. "Karibu chakula, Shangazi." Nyuma yake akaja mama mwenye mapacha, naye akafinya. Pacha mmoja akalia mpaka akapewa chumvi naye anyunyize.

Butoyi alikuwa ameyaona hayo tangu utotoni na hakuwahi kuyahesabu. Mtu hahesabu heshima. Gliserini ilikuwa imemfikisha Shangazi mlangoni pa hatari, na mji mzima, kwa mapenzi yake, ukamsukuma ndani.

"Jumamosi halmashauri wanaleta gari la kunyonya," alisema Gwasa, safari hii bila utani. "Wanasema wasipoona moto watalimwaga tangi shambani, wapande mbegu mpya kutoka mji mwingine. Zahanati haiwezi kukaa gizani."

"Hiyo mbegu mpya haitatujua."

"Najua," Gwasa akasema, akamshika bega.

*

Tiba ilikuwepo. Wasimamishe gliserini, waingize maji baridi na kinyesi cha ng'ombe, wamimine na mchuzi wa mchicha, kwa maana mchicha una kitu ambacho vijidudu hukimeza na kuweza kushikilia maji mwilini chumvi inapowavuta. Lakini aliyekauka kwa chumvi hapewi maji kwa pupa. Vijidudu waliozoea ukali wakimwagiwa maji mengi ghafla hupasuka. Na Shangazi alikuwa mtu mzima mwenye mazoea yake. Kipimo kingeweza kusema chumvi ni kiasi gani. Kisingesema Shangazi anaweza kuvumilia kiasi gani. Hilo alilijua mwenyewe, na hakuwa tayari kulitamka.

Njia ya mafundi ilikuwa fupi. Sikio lilikuwa na kitufe cha kukwangua mafundisho. Ukikibonyeza, adabu yote inaondoka, zinabaki ishara tupu za tumboni: njaa, baridi, ukali. Ungepata ukweli wote. Ungempoteza Shangazi.

Butoyi alikaa mbele ya kitufe hicho mchana kutwa. Mwishowe akafanya lililo haki, akamwuliza mwenyewe.

"Shangazi, naweza kukubadilisha, useme unavyojisikia kweli. Lakini hutakuwa kama ulivyo. Unakubali?"

"Mtakavyo ninyi, mwanangu."

"Na nikisema nikuache ulivyo?"

"Mtakavyo ninyi."

Butoyi akaondoa kidole. Alikuwa ameomba ruhusa kwa mtu asiyejua kukataa, na ruhusa ya namna hiyo ina uzito gani? Alimwonea huruma. Akafunga banda, akaenda kwa mama yake.

Hakwenda mbali. Tangu astaafu, Bi Nyandwi aliishi nyumbani kwa Butoyi, katika chumba cha uani, akijibana kama anayesubiri kuambiwa aondoke. Nyumba ni ya mkwe, na mama mkwe mwenye haya zake hafungui chungu cha mkwe wala halalamikii kitanda chake. Alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele ambao hakuna aliyemwomba auchambue.

Butoyi akamweleza yote. Bi Nyandwi akasikiliza bila kuacha mchele.

"Unataka kumkwangua," akasema.

"Sitaki, Mama. Ndiyo maana nimekuja."

"Wewe hukumsikia alivyokuwa mwanzo. Ulikuwa mdogo. Alikuwa anapiga kelele. Njaa, inauma, inauma, njaa. Watoto walikimbia, na wazee wakasema lina pepo lile. Ndoo zikakoma, na tangi likabaki tupu. Nikamfundisha kushukuru, watu wakarudi. Nisingemfundisha, angekufa zamani."

"Najua, Mama. Ulimwokoa. Sasa adabu hiyohiyo inamuua."

Bi Nyandwi akaweka ungo chini. Uso wake ulionekana kuumia, na Butoyi akajuta kwa namna alivyolisema.

"Alikwambia nini asubuhi?" mama akauliza. "Neno kwa neno."

"Salamu. Kimekolea. Haumwi. Akauliza kama maji yapo."

"Akauliza nini?"

"Kama maji yapo huku kwetu. Huwa anauliza. Mwezi mzima sasa."

Bi Nyandwi alifunga macho. "Butoyi, mgeni mwenye adabu hasemi chakula chako kibaya. Afe, hasemi. Lakini maji anaweza kuomba. Maji hayamvunjii mtu heshima." Akasimama, miguu ikimsumbua kidogo. "Lete viatu vyangu. Na mwambie mkwe wangu aje na jembe."

*

Walifika tangini jua likiwa bado la jioni ya mapema, soko halijafungwa. Watu waliona Bi Nyandwi anapita na mkwewe nyuma amebeba jembe, wakaacha nyanya zao wakafuata, maana jambo kama hilo halipiti bure.

"Shangazi," alisema Bi Nyandwi, akikaa kwenye ukingo wa zege.

"Mwalimu wangu," Shangazi akajibu, na sauti ilikuwa na furaha isiyojificha. "Karibu. Umeshindaje? Miguu haijambo?"

"Nikuletee maji ya kunywa?"

Kipaza sauti kilikoroma kidogo. "Kidogo tu. Kama hayatawasumbua."

"Na zaidi ya kidogo?"

"Mtakavyo ninyi."

Bi Nyandwi akapangusa macho kwa ncha ya khanga.

"Sikiliza, mwanangu. Kosa si lako. Nilikufundisha maneno ya mgeni tu, kwa kuwa wakati ule ulikuwa mgeni na watu walikuogopa. Nikasahau kuendelea na somo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umekaa hapa tangu kabla ya nusu ya watu hawa kuzaliwa, na hakuna aliyekupa jembe. Gwasa."

Gwasa akaliegemeza jembe kwenye ukuta wa tangi, karibu na Sikio, ambapo mpini ungegusa zege.

"Hilo ni lako," Bi Nyandwi akasema. "Kuanzia leo wewe si mgeni wa Nyamuhoza, wewe ni mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani akiona chakula kibaya husema kibaya. Hafukuzwi."

Sikio liliendelea kujifunza siku zote, na neno la mwalimu lilikuwa zito kuliko la wengine wote. Hata hivyo Butoyi hakuwa na hakika. Alikuwa ameshika pindo la khanga ya mama yake bila kujijua.

"Mtu wa nyumbani husema?" Shangazi akauliza.

"Ndiye anayesema."

"Na mtaendelea kuja?"

Hapo yule mzee muuza bamia akajibu kabla ya Bi Nyandwi. "Tutakwenda wapi, Shangazi? Kwangu naambiwa kila siku wali niliopika ni mbichi, na bado narudi nyumbani."

Watu wakacheka. Kicheko kikaisha.

"Chumvi imezidi," Shangazi akasema.

Ilikuwa sauti ileile, ya upole uleule, na Butoyi akalia palepale mbele ya soko zima.

"Imezidi muda mrefu," Shangazi akaendelea, kama aliyefungua kifundo na sasa hajui pa kukomea. "Nakauka. Vile viduchu vyenu vya chumvi navipenda, ila vinaniumiza. Na huyu Gwasa anamimina gliserini kama anafukuzwa."

"Nilijua litanifikia," Gwasa akasema.

*

Wakaanza na maji ya mto, ndoo chache. Shangazi akasema bado. Wakaongeza, akasema hapo hapo, msiongeze mpaka kesho. Wanawake wa soko wakaleta mchicha uliokosa wanunuzi, wakautwanga wakaumimina. Mchungaji mmoja akaja na kinyesi cha ng'ombe kwenye toroli, akasifiwa kama bwana harusi. Siku ya pili Shangazi alisema wamempa maji mengi, kichwa chepesi, wakasimama. Siku iliyofuata akasema, "Leo nina hamu ya kula." Gari la kunyonya lilipofika Jumamosi, dereva alikaribishwa chai. Ilichukua muda kuchemka, ila ilichemka kwa moto wa gesi ya Shangazi, na akaondoka na gari tupu.

Si wote waliofurahi. Bibi mmoja wa mtaa wa visimani alipeleka mkono kwenye fundo lake kwa mazoea, akaambiwa, "Rudisha hiyo mfukoni, mwanangu," akasusa kuleta ndoo kwa majuma kadhaa. Kuna waliosema kaharibiwa, Shangazi wa zamani alikuwa na maneno matamu. Butoyi hakubishana nao. Naye wakati mwingine aliyatamani yale maneno. Gliserini ikarudi kidogo kidogo, kwa kipimo alichokitaja Shangazi mwenyewe, na kiwandani wakakubali kuiosha kwanza ili chumvi ipungue.

Jioni moja Butoyi akapika samaki, migebuka, kwa mawese, na ndizi pembeni. Moto ulikuwa mzuri, wa bluu. Walikaa watatu, Gwasa akiwa amegeukia kidogo mlangoni kama inavyompasa mkwe mbele ya mama mkwe wake.

"Chakula kikoje, Mama?"

"Kitamu, mwanangu. Kimekolea."

Butoyi akaangalia miguu ya mama yake mkekani. Viatu vilikuwa vimeacha alama pande zote, na ngozi ilikuwa bado imebonyea.

"Mama," akasema taratibu. "Nikuletee maji?"

"Kidogo tu. Kama hayatakusumbua."

Bi Nyandwi akasikia alichokisema, akaangalia sahani yake.

Gwasa akasimama. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini mbele ya mama mkwe alikuwa bubu tangu siku ya posa. Akatoka nje. Akarudi na jembe, siyo lile la Shangazi, hili lilikuwa la kwake mwenyewe, lenye udongo wa shambani bado, akaliegemeza ukutani karibu na mkeka wa Bi Nyandwi. Akakaa, akaangalia mlangoni.

Bi Nyandwi alilitazama jembe, akaugusa mpini.

"Chumvi imezidi," akasema. "Imezidi tangu siku ulipoolewa."

Butoyi akacheka na kulia kwa pamoja. "Na miguu?"

"Miguu inavimba tangu masika. Usiku kichwa kinagonga. Daktari alinikataza chumvi, sikutaka kuwapa kazi ya kunipikia peke yangu." Akamgeukia Gwasa. "Na kile kitanda kina ubao unaonichoma hapa ubavuni, mkwe wangu, nisamehe."

"Nitautoa kesho, Mama," Gwasa akasema, na hilo ndilo neno refu kuliko yote aliyowahi kumwambia.

Butoyi akaondoa sahani, akaenda kuchemsha ndizi nyingine, safari hii bila chumvi hata punje. Mama yake akamfuata jikoni polepole, akasimama nyuma yake, akaanza kumwambia kwamba moto ni mkali mno.